Mbwa Koko na Mbwa Kichaa



Filamu tunayotaka kuizungumzia safari hii ni ya Kijapani. Haina rangi, na ilitoka mwaka 1949. Katika lugha yake ya asili inaitwa Nora inu, maana yake mbwa asiye na mwenyewe, yule azungukaye jalalani akitafuta riziki. Kwa Kiswahili twamwita mbwa koko. Wafaransa waliiita Chien enragé, yaani mbwa mwenye kichaa, na ndilo jina ambalo wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tunalijua. Mtu aweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo la watafsiri. Sisi tumeitazama filamu hii mara nyingi, tukisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na kila mara tunazidi kuamini kwamba majina haya mawili hayasemi kitu kimoja, na kwamba hadithi nzima imo katika safari fupi iliyo kati ya jina la kwanza na la pili. Mbwa koko hana kwao. Mbwa kichaa anauma. Ni nini kinachomtoa wa kwanza hata awe wa pili? Na je, wote hufika huko?

Mtengenezaji wake ni Akira Kurosawa, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1910. Alipoitengeneza alikuwa hajajulikana sana nje ya nchi yake. Umaarufu ulimjia baadaye kidogo, filamu yake Rashomon ilipopata tuzo kuu ya Venice mwaka 1951. Hadithi hii ya mbwa koko aliiandika kwanza kama riwaya, kwa sababu alimpenda sana Georges Simenon, yule mwandishi aliyembuni kamishna Maigret. Alidhani kwamba akisha kuwa na riwaya, kazi ya kuigeuza iwe filamu ingekuwa nyepesi. Kumbe ilimchukua siku nyingi kuliko riwaya yenyewe. Simenon huyo, tuseme kwa kupita, alikuwa Mbelgiji wa Liège, na mwaka 1932 alisafiri Afrika akapita katika Kongo ya wakati ule, akarudi kwao na makala yasiyousifu ukoloni hata kidogo. Maigret wake hana haraka ya kukamata. Hukaa, huvuta kiko, huuliza mtu huyu aliishije, alilala wapi, alimpenda nani, hata akafikia kuua. Hilo ndilo Kurosawa alilolichukua kutoka kwake, na si mitego ya kipolisi.

Filamu yaanza na picha ya mbwa anayehema kwa joto, ulimi nje. Mbwa huyo alikuwa mzima kabisa. Walimkimbiza kando ya baisikeli hata akachoka, wakampiga picha. Lakini bibi mmoja Mmarekani wa chama cha kutetea wanyama alipoiona picha hiyo alishitaki kwamba mbwa amechomwa sindano ya kichaa. Kurosawa, katika kitabu cha maisha yake, asema kwamba hajawahi kujuta zaidi ya siku hiyo kuwa Japani imeshindwa vitani. Ni mzaha, lakini mzaha wenye uchungu, na unatupeleka moja kwa moja katika mambo yenyewe.

Kwa maana nchi ilikuwa imeshindwa. Usiku mmoja wa Machi 1945 mitaa mingi ya Tokyo iliteketezwa kwa mabomu ya moto. Mwezi wa Agosti Japani ikasalimu amri. Na hadi mwaka 1952 nchi ilikaa chini ya majeshi ya kigeni yaliyoongozwa na Wamarekani. Wajapani zaidi ya milioni 6, askari na raia, walirudishwa makwao kutoka China, Korea, visiwa vya bahari na kwingineko. Walirudi katika miji ya vifusi. Mchele ulitolewa kwa mgawo, na mgawo haukutosha, basi watu wakaishi kwa soko la magendo. Katika hali hiyo ndipo tunakutana na kijana Murakami.

Murakami ni mpelelezi mgeni katika kikosi cha mauaji. Ni siku ya joto kali. Usiku uliopita hakulala, na sasa ametoka kwenye mazoezi ya kulenga shabaha, amechoka, anapanda basi lililojaa watu. Mtoto analia, mwanamke mmoja anamsonga, jasho linamtoka kila mtu. Anatia mkono katika mfuko wa koti: bastola yake haipo. Ni Colt ndogo yenye risasi 7. Anaruka kutoka katika basi, anamkimbiza mtu mmoja vichochoroni, na kichochoro cha mwisho hakina mtu.

Katika filamu nyingi za upelelezi mtazamaji hujiuliza, nani ameua? Hapa anahesabu risasi zilizobaki. Kijana huyu anajua tangu mwanzo kwamba chuma kilichotoka mfukoni mwake kinatembea mjini katika mkono wa mtu asiyemjua, na kila risasi itakayoondoka ataichukua kama yake. Anakwenda mbele ya mkubwa wake akitaka kuadhibiwa. Mkubwa anamwambia afanye kazi. Hatumwoni Murakami akicheka katika filamu hii ila kidogo sana.

Anamtafuta kwanza yule mwanamke wa kwenye basi, mwizi wa mifukoni wa siku nyingi ambaye polisi wanamfahamu kwa jina na kwa mavazi yake. Anamfuata kutwa nzima, mtaa kwa mtaa, bila kumkamata, bila kumpiga, anamwandama tu kama kivuli. Mwanamke anakasirika, anatukana, anatoroka, anarudi. Usiku unapoingia, mwanamke huyu aliyezeeka katika uovu anamhurumia, anamletea chakula na kinywaji, na anamnong'oneza njia: avae kama mtu aliyekata tamaa, azunguke katika mitaa ya maskini, na wenye kukodisha silaha watamjia wenyewe. Kisha anatazama juu, anastaajabia nyota, kama mtu aliyesahau kwa miaka mingi kwamba zipo. Anasema hivyo bila uzito wowote, na filamu inaendelea na mambo yake. Sisi hatukuweza kuendelea upesi hivyo. Mwizi aliyeziona nyota hamwepushi mtu na hatari yoyote, wala hatusikii kwamba ameacha wizi.

Murakami anavaa nguo kuukuu za askari na kutembea. Ni dakika karibu kumi ambazo karibu hakuna neno linalosemwa. Tunaona miguu yake, macho yake, umati, vibanda, watoto wa mitaani, wanawake wanaongoja wateja, wanaume waliolala juu ya mbao. Tunasikia nyimbo za redio zikigongana hewani. Picha nyingi za sehemu hii zilichukuliwa katika masoko halisi ya Tokyo na Ishiro Honda, msaidizi wa Kurosawa, yule ambaye mwaka 1954 angetengeneza Godzilla. Kurosawa alikiri kwamba filamu ilisifiwa kwa kuonyesha kweli hali ya baada ya vita, na kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikuwa ya Honda. Tunao marafiki wanaolalamika kwamba matembezi haya ni marefu mno. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Mtu aliyevaa nguo za askari aliyeshindwa, akazunguka siku baada ya siku katika vumbi lile, anaanza kuwa yule anayemwigiza. Mabega yanashuka. Mwendo unabadilika. Urefu wenyewe ndio unaotufundisha kwamba kati ya polisi na mtu anayemsaka hakuna ukuta mnene.

Na jambo moja la soko lile halitutoki akilini. Anayetaka kukodi bastola huweka rehani kadi yake ya mgawo wa mchele. Ni biashara ya akili: kadi ina jina la mwenyewe, na bila kadi hali, basi atairudisha silaha. Kurosawa haelezi zaidi. Mtu amekabidhi chakula chake ili apewe uwezo wa kuua, na jina lake limebaki katika mfuko wa mfanyabiashara. Kwa jina hilo hilo ndipo polisi watampata.

Murakami anamkamata mwanamke wa silaha mapema mno, na mtu aliyekuwa akija kuirudisha Colt anaona, anageuka, anapotea. Muda si mrefu mwanamke mmoja ananyang'anywa fedha na kupigwa risasi ya mkono. Murakami anakumbuka kwamba katika mazoezi risasi yake moja iliingia katika kisiki cha mti. Anakwenda kuichimbua kwa mikono yake, wataalamu wanazilinganisha, na ni zile zile. Anaandika barua ya kuacha kazi. Mkubwa wake anaichana, akimwambia kwamba balaa ama humjenga mtu ama humbomoa, na uchaguzi ni wake. Neno hili, tukilisikia kwa mara ya kwanza, latuonekea kama neno lolote la mkubwa ofisini. Baadaye tunagundua kwamba mkubwa alikuwa amesema hadithi yote bila kujua.

Sasa anaingia Sato, mpelelezi mzee. Murakami ni Toshiro Mifune, aliyekuwa na miaka 29, naye mwenyewe alikuwa ameonja uaskari wakati wa vita. Sato ni Takashi Shimura. Miaka mitano baadaye hao wawili watakuwa pamoja tena katika Samurai Saba, lakini sisi tunawapenda zaidi hapa. Tazameni jinsi Sato anavyomhoji yule mwanamke wa silaha. Hapigi meza. Anakula barafu ya kijiti pamoja naye, anampa sigara, wanaongea kama watu waliokutana kwenye kivuli cha mwembe, na jina analolitaka linatoka lenyewe. Murakami ameketi pembeni ametoa macho. Kwa sisi tulioupitia ualimu, hapa kuna somo zima la namna ya kuuliza swali, nalo linatolewa bila ubao wala chaki.

Baada ya kumnasa mkodishaji wa silaha katika uwanja wa besiboli, kati ya maelfu ya watu (sehemu hii ni ya ufundi mkubwa, lakini tunaipita), wanapata kadi ya mchele, na juu yake jina: Yusa. Wanakwenda nyumbani kwa dada yake. Alikuwa mtu mpole, dada anasema, lakini tangu arudi vitani amekuwa mwingine. Njiani akirudi, ndani ya treni, waliiba shanta yake, na ndani ya shanta hiyo mlikuwa na vyote alivyokuwa navyo duniani.

Jioni ile Sato anamchukua kijana nyumbani kwake. Nyumba ni ndogo, upepo unapita, kuna bia iliyopatikana kwa mgawo, na watoto wa Sato wamelala kwa safu, wamechoka kwa michezo. Wanaume hawa wawili wanawatazama watoto kidogo, kisha wanazungumza. Na hapa Murakami anasema jambo ambalo tangu tulipolisikia tumekuwa tukilibeba. Shanta yake pia iliibwa. Naye alikuwa akirudi vitani, naye alikuwa ndani ya treni, naye hakubakiwa na kitu. Alijaa hasira hata akaona kwamba angeweza kuiba siku ile ile. Alijua kwamba amesimama penye njia panda ya hatari. Akageukia upande wa pili, akaomba kazi ya polisi.

Shanta mbili, treni mbili, wizi wa namna moja. Mmoja amekuwa mpelelezi na mwingine ni mnyang'anyi, na kiungo kati yao ni bastola iliyotoka kwa wa kwanza ikaingia kwa wa pili. Mwandishi wa kawaida angetuambia mara moja tofauti ni nini: huyu alikuwa na moyo mwema, yule alikuwa na moyo mbaya. Au angetuambia kwamba tofauti haipo, ni bahati tu. Kurosawa hafanyi hivi wala vile. Murakami anamhurumia Yusa, na kuhurumia kwake kuna hofu ndani yake, kwa maana anajua jinsi njia ile ilivyokuwa karibu. Sato anamkataza. Anamwambia kwamba wasiwasahau kondoo wengi waliojeruhiwa na mbwa mwitu mmoja. Kwamba kuchambua moyo wa mhalifu kunaweza kuwafaa waandishi wa riwaya, lakini wao ni polisi, na kuna waliopigwa risasi. Ndipo wanalitafuta neno lile la Kifaransa, après-guerre, ambalo Wajapani wa miaka ile walilichukua na kulitamka kwa namna yao, wakiita kwa jina hilo vijana wote waliotoka vitani bila kuamini kitu. Sato anamtania mwenzake: wewe na Yusa nyote ni wa kizazi hicho.

Hatuwezi kulisikia neno hilo bila kufikiri ya kwetu. Sisi hapa Kongo tuna neno letu la Kifaransa lililoingia katika midomo ya kila mtu, démobilisé, na vijana wanaoitwa hivyo wamo katika vijiji na mitaa yetu, wengine wakiendesha pikipiki, wengine wakilima, wengine wakirudia msitu. Juu yao tumesikia kila mara moja kati ya hukumu mbili. Ya kwanza yasema: ni wanyama, mwenye kuonja damu haachi. Ya pili yasema: ni watoto wa vita, msiwalaumu, vita ndivyo vilivyofanya. Wanaosema la kwanza hawajawahi kuulizana shanta ya kijana iliibwa wapi. Wanaosema la pili mara nyingi hawakumzika mtu. Hatuna nia ya kuigeuza filamu ya Tokyo iwe ya Bukavu au Bunia; vita vyao si vyetu, wala wao hawakuwa na misitu. Lakini tunasema kwamba katika miaka yote ya kusikiliza mabishano hayo hatukuyaona yakiwekwa mezani kwa haki kama yalivyowekwa katika nyumba ile ndogo ya Sato, huku watoto wamelala.

Kwa haki, kwa sababu Kurosawa hatuachi na mazungumzo peke yake. Asubuhi inakuja habari ya mauaji. Mwanamke wa nyumba, kijana bado, ameuawa na risasi ya Colt ile ile, mumewe akiwa safarini. Mume amerudi. Yumo bustanini, kati ya nyanya, na uchungu wake unaishia juu ya nyanya hizo, anazishambulia kama mtu asiye na adui mwingine wa kumpiga. Ni muda mfupi tu. Hatumwoni tena. Lakini kuanzia hapo kila tunapotaka kumhurumia Yusa, nyanya zile zinasimama mbele yetu, na huruma, bila kufutika, inajifunza kukaa kimya kidogo.

Kisha kuna Harumi. Ni mchezaji dansi katika jumba la starehe la bei rahisi, karibu mtoto. Keiko Awaji aliyemwigiza alikuwa na miaka 16 hivi. Tunawaona wasichana wa jumba lile wakitoka jukwaani wakicheka kwa ajili ya watu, kisha wakianguka sakafuni nyuma ya pazia, jasho likitiririka, wakihema kama yule mbwa wa mwanzo. Yusa anampenda Harumi. Siku moja walisimama mbele ya kioo cha duka, Harumi akaiona gauni ya bei ambayo hakuna mtu wa hali yao angeweza kuilipa, akaitamani kwa sauti. Yusa akaenda kutafuta bastola.

Murakami anamngojea Harumi aseme Yusa yuko wapi, mama wa msichana akimsihi naye aseme, nje ngurumo zikikusanyika. Harumi anakataa. Yeye ndiye aliyeitaka gauni. Kama angekuwa na ujasiri angeiba mwenyewe. Dunia ndiyo mbaya, inayoweka vitu vile katika vioo mbele ya watu wasio na kitu. Murakami anakasirika: basi kila ubaya tuutupe juu ya dunia, na tufanye mbaya zaidi? Tunakiri kwamba hatujawahi kuamua kabisa nani anashinda hapo. Maneno ya Harumi yana kweli ndani yake, na anayajibu mtu ambaye jana alikuwa akisema karibu yale yale. Msichana anaileta gauni, anaivaa, anazungukazunguka chumbani akipiga kelele za furaha, na furaha ile inatisha kuliko kilio. Mwisho mama anaivua kutoka mwilini mwake na kuitupa nje. Mvua iliyongojewa tangu mwanzo wa filamu inaanguka, na gauni iliyogharimu damu ya mwanamke mwingine inalowa matopeni.

Usiku huo huo Sato anapigwa risasi mbele ya hoteli ambako Yusa amejificha. Alikuwa akimpigia Murakami simu. Murakami anasikia milio kupitia simu.

Kulipokucha Harumi amesema. Yusa atakuwa katika kituo kidogo cha treni saa kumi na mbili asubuhi. Na tazameni: mpaka hapa hatujauona uso wa Yusa. Tumeona mgongo, miguu, mwandiko. Murakami anaingia katika chumba cha abiria, kimejaa wanaume, na anachojua ni kidogo: umri, suti nyeupe, kwamba mtu huyo alikimbia mvuani, kwamba hutumia mkono wa kushoto. Anawatazama mmoja mmoja. Anaona viatu vyenye matope, suruali nyeupe yenye matope. Mtu huyo anawasha sigara kwa mkono wa kushoto. Macho yao yanakutana.

Wanakimbia hadi kichakani. Murakami hana silaha. Yusa anainua Colt. Risasi inampata Murakami mkononi, na damu inadondoka juu ya maua ya porini. Nyumba iliyo karibu, mwanamke anajifunza piano. Anasikia mlio, anakuja dirishani, anatazama asubuhi tulivu, haoni kitu cha ajabu, anarudi kuendelea na wimbo wake pale alipouacha. Risasi nyingine zinakosea. Bastola imekwisha. Wanapigana katika majani na maji na matope, na hapa tunaona kwa nini filamu hii haikuhitaji rangi. Suti zote mbili zilikuwa nyeupe. Sasa zote mbili ni za kijivu. Tunakodoa macho kutafuta yupi ni polisi na yupi ni mwuaji, na kwa muda hatujui. Pingu zinafungwa, lakini wanalala chini wote wawili kando kwa kando, wakihema sawasawa, nyuso juu, maua yakiwafunika.

Kwa mbali watoto wanapita wakiimba wimbo wa shule. Yusa anawasikia. Anatazama maua, anatazama mbingu, na anaanza kulia, kilio kisicho na neno, kinachotoka tumboni, kirefu. Isao Kimura, aliyemwigiza, hakupewa karibu sentensi yoyote katika filamu nzima. Amepewa kilio hiki. Kila tunapofika hapa tunajaribu kukiita kwa jina. Majuto? Hofu ya kamba? Au ni mtu aliyesikia, kwa kuchelewa, kwamba dunia ile aliyoikasirikia ilikuwa na asubuhi kama hii ndani yake? Ni ndugu wa yule mwizi mwanamke aliyeziona nyota, ila yeye hakuziona kwa wakati.

Kurosawa mwenyewe aliwahi kuikosoa filamu hii, akisema ina ufundi mwingi na fikira haba. Twamheshimu mwalimu, lakini mtu si hakimu mzuri wa kazi yake.

Sato hakufa. Katika sehemu ya mwisho amelala kitandani hospitalini, na Murakami, mkono wake umefungwa, amepewa sifa kwa kumkamata mwuaji, jambo ambalo halimfurahishi. Anamwambia mzee kwamba Yusa hamtoki moyoni. Sato hashangai. Naye, mtu wake wa kwanza aliyemkamata hakumsahau kwa muda mrefu; ukiwakamata wengi, anasema, hisia hizo huisha. Amwambia kijana atazame nje ya dirisha: chini ya mapaa yale yote, leo pia kutatokea uovu, leo pia watu wema wataumizwa na watu kama Yusa. Atamsahau tu. Murakami anatazama mapaa.